UZI: Sailensa kwenye bunduki ya kuwindia na ya masafa marefu, niliyoyaona kwa miaka minne

#1 Mtutu_Mrefu

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu nimeuahidi muda mrefu. Kila mtu akiuliza habari za sailensa (wengine mnaita kizuia sauti), majibu huwa ni mawili: "hiyo ni ya majambazi" au "ukiifunga hakuna atakayesikia kitu". Yote mawili yametoka kwenye sinema. Mimi nitaandika niliyoyaona kwa bunduki zangu mbili: .308 Winchester ya kuwindia yenye mtutu mwembamba, na 6.5 Creedmoor ya shabaha za mbali yenye mtutu mnene (majina hayo ni ya aina ya risasi inayotumika). Bunduki na sailensa vyote nina vibali vyake.

Nianze na kilichonifikisha hapa. Sikio langu la kushoto linalia. Mchana silisikii sana, lakini usiku taa zikizimwa na nyumba ikitulia, mlio unaanza, mwembamba kama wa mbu aliyenasa ndani ya chandarua. Hautui. Ulianza na risasi moja tu. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya jabali, mnyama akachomoza ghafla, vizibo vya masikio viko mfukoni. Nikajiambia, moja tu haina neno. Ule mwamba juu yangu ukanirudishia mlio wote kichwani. Kwa siku mbili nilikuwa nasikia watu kama wanaongea nyuma ya ukuta. Baadaye usikivu ukarudi kiasi, lakini mlio ukabaki.

Wapigaji wengi wa mkono wa kulia huanza kuumia sikio la kushoto. Ukilaza shavu kwenye kitako, sikio la kushoto ndilo linalotazama mdomo wa mtutu, la kulia linakingwa na kichwa chenyewe. Na zile chembe ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti, zikifa hazioti tena kwa binadamu. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Sasa namba. Bunduki kubwa ya kuwindia isiyo na kitu mdomoni hutoa kati ya desibeli 160 na 170 karibu na mpigaji. Kikomo kinachotajwa sana kwa mlio wa ghafla ni desibeli 140. Sailensa nzuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Kwa hiyo unabaki na 130 na kitu, au hapo hapo kwenye 140. Huo si ukimya wakuu, bado ni mlio mkali. Ila desibeli hazihesabiki kama kilo za sukari: ukipunguza 20, mgandamizo wa hewa unaogonga sikio umeshuka mara kumi. Ukipunguza 30, umeshuka zaidi ya mara thelathini. Tofauti yake unaisikia hadi kwenye meno.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Mlio wa bunduki si mmoja. Wa kwanza ni gesi ya baruti inayopasuka mdomoni risasi inapotoka. Huo ndio sailensa inaushughulikia: gesi inaingia kwenye chemba, inagonga visahani vilivyopangwa ndani kimoja baada ya kingine, inazungushwa, inapoa, inatoka polepole. Wa pili ni risasi yenyewe kupasua hewa. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi joto 20. Risasi ya .308 inatoka kwa mita 800 na zaidi. Inapita mbele ya sauti yake, na hewa inalia "ta!" njia nzima. Mlio huo hakuna sailensa inayoweza kuufanya lolote, kwa sababu unazaliwa nje, mbali na bunduki.

Wazo lenyewe ni la zamani. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya Marekani mwaka 1909. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha iliyobeba jina la Maxim, na uzeeni mzee huyo alikuwa hasikii vizuri kabisa. Nikiwa na mlio wangu huu sikioni, hiyo habari ya baba na mwana huwa inanigusa.

Nitaendelea na habari za shabaha, kwa sababu huko ndiko nilikofanya makosa. Karibuni mchangie.

---

#2 Mwanafunzi_wa_Pori

Nakita kambi hapa mkuu. Nimepata kibali mwezi uliopita na bunduki yangu ni 6.5 Creedmoor, mtutu umeshachongwa nyuzi mdomoni (mistari ya skrubu ya kufungia sailensa) kutoka kiwandani. Sijafunga chochote bado. Swali langu: kuna watu wanasema tumia risasi za polepole zisizovuka mwendo wa sauti, ndipo upate faida ya kweli. Ni kweli?

---

#3 Mtutu_Mrefu

Karibu sana mdogo wangu. Hapo kwenye risasi za polepole usikimbilie, hasa kwa kuwinda.

Fanya hesabu. Risasi ya .308 yenye gramu 10.9 ikienda mita 800 kwa sekunde inabeba karibu jouli 3,490. Chukua sasa risasi nzito ya polepole, gramu 14 na ushee, mwendo mita 310. Inabeba kama jouli 685. Umebaki na sehemu ya tano. Juu ya hapo, risasi nyingi za kuwindia zimetengenezwa zifunguke kwa mwendo mkubwa; zikienda polepole zinapita kama msumari, mnyama anakimbia na kidonda anakwenda kufia usikokujua. Ziko risasi maalumu za polepole zinazofunguka, ila hizo ni za umbali mdogo sana, na zinashuka haraka kiasi kwamba ukikosea umbali kwa mita 20 tu umeshapiga pasipo.

Kwa shabaha za mbali ndiyo kabisa haina maana. Tumia risasi zako za kawaida, uache ile "ta!" ilie.

---

#4 Mzee_wa_Swala

Vijana salaam. Mimi nimewinda tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa, na sijawahi kuona haja ya dude hilo. Bunduki yangu ni nyepesi, ndefu vya kutosha, unataka niongezee mkebe wa nusu kilo mbele inase kwenye matawi? Na kuna hili la pili, zito zaidi. Jangili akiipata, askari wa wanyamapori atamsikiaje? Kabla ya kusifia kitu tufikirie na mkono mwingine unaoweza kukishika.

---

#5 Mtutu_Mrefu

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako yote mawili nayapokea.

La uzito ni kweli tupu. Zangu zina gramu 340 na gramu 560, na hiyo ya pili ina urefu wa sentimita 21. Ukiitundika mwisho wa mtutu wa sentimita 60, bunduki inainama mbele kama jembe. Nilichofanya kwenye .308 ni kumpelekea fundi bunduki akakata mtutu ukabaki sentimita 47. Pamoja na sailensa, urefu umerudi karibu ulipokuwa. Nimepoteza mwendo, kawaida ni kama mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa kila inchi unayokata, lakini kwa mnyama aliye mita 150 au 200 hiyo haisikiki. Kuna pia aina inayorudi nyuma ikavaa mtutu kama soksi, hivyo mbele inachomoza kidogo tu. Wawindaji wa nchi za Skandinavia wanaipenda sana.

La jangili mzee nitalijibu kwa uzito wake. Mlio wa risasi kupasua hewa bado upo na unasikika mbali. Lakini siwezi kusema haipunguzi kitu, maana inapunguza umbali wa kusikika, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Ndiyo sababu naona kibali ni haki. Nchi zimechukua njia tofauti: Marekani tangu sheria ya mwaka 1934 lazima isajiliwe, Ujerumani mwaka 2020 ilirahisisha wawindaji wenye leseni kuipata kwa bunduki zao ndefu, Finland na Norway ni kitu cha kawaida begani mwa mwindaji, na nchi nyingine zimeipiga marufuku moja kwa moja. Kila anayesoma hapa aulize sheria ya alipo kabla ya kununua hata ile pete ya kufungia. Na ukivuka mpaka nayo, uliza upya.

---

#6 Bi_Shabaha

Naongezea upande wa masafa marefu, maana ndiko niliko kila wiki.

Mimi nilikuwa natumia breki ya mdomo, ile yenye matundu ya pembeni. Kwa kupunguza teke la bunduki ni hodari, lakini inatupa gesi pembeni na nyuma. Aliyelala kushoto kwako anapigwa vumbi la uso na mlio mkubwa kuliko wa bunduki isiyo na kitu mdomoni. Nilimwona kijana jirani yangu akifumba macho kabla sijafyatua. Alikuwa anangoja kofi. Tangu siku hiyo breki nikaivua.

Sailensa inapunguza teke vilevile, si sana kama breki bora, ila inatosha. Sababu ni mbili: gesi haichomoki kwa kasi ile kama roketi, na bunduki imeongezeka uzito mbele. Faida yake kwangu ni kwamba darubini haitoki kwenye shabaha. Napiga, naona mwenyewe ile njia ya risasi hewani kama maji yanayotetemeka, naona vumbi linaruka kulia au kushoto kwa bamba la chuma ninalolenga. Zamani nilikuwa namtegemea msaidizi aniambie. Siku hizi tunaongea kwa sauti ya kawaida, "upepo umeongezeka, sogea robo," bila kupigiana kelele.

Ila tatizo lake la masafa marefu nalo ni moja kubwa: joto.

---

#7 Mwanafunzi_wa_Pori

Dada, fafanua hapo kwenye joto. Ina maana inaungua?

---

#8 Bi_Shabaha

Kuungua ni jambo moja, na ukiishika baada ya risasi kumi ngozi ya kiganja inabaki pale. Nimeona. Vaa glavu au subiri.

Tatizo ninalolisema ni la macho. Sailensa imekaa mbele ya darubini, chini kidogo. Ikishapata moto, hewa inapanda kutoka kwake na kupita mbele ya kioo. Ukiwa umekuza picha mara 18 au 20, bamba la mita 800 linaanza kucheza kama barabara ya lami saa saba mchana. Ni mazigazi, lakini umeyatengeneza mwenyewe. Kingo za bamba zinapanda na kushuka na hujui katikati ni wapi. Nimewahi kupiga juu mara tatu mfululizo nikalaumu upepo, kumbe shabaha niliyokuwa naiona ilikuwa imeinuliwa na joto langu mwenyewe.

Dawa: soksi ya kuzuia joto inayovishwa juu ya sailensa. Inasaidia sana, ila joto linabaki ndani na sailensa inachelewa kupoa, kwa hiyo ukipiga haraka haraka soksi za bei hafifu zinayeyuka. Nyingine: kipande cha kitambaa kirefu cha kukunjua juu ya mtutu kutoka kwenye darubini hadi mbele, kinachosukuma hewa ya moto pembeni. Nyingine: subira. Mwindaji anayepiga moja au mbili hana haja na haya yote.

---

#9 Mtutu_Mrefu

Asante sana dada. Sasa nije kwenye makosa yangu, nitayaandika kwa kirefu maana ndipo watu wanapoumia.

Kosa la kwanza. Sailensa ya kwanza niliifunga jioni, bunduki tayari nilikuwa nimeirekebisha shabaha wiki mbili nyuma. Asubuhi yake nikaenda kuwinda. Nilidhani kilichobadilika ni mlio tu. Nikampata swala kama mita 180, amekaa ubavu, hewa tulivu, nimelaza bunduki juu ya begi. Nilifyatua nikiwa na hakika, na nikaona nyasi zinaruka chini ya kifua chake. Akaondoka mzima, namshukuru Mungu kwamba mzima.

Niliporudi kwenye uwanja wa shabaha nikaona: kwa mita 100 kundi langu la matundu ya risasi lilikuwa limeshuka sentimita 4.5 na kwenda kushoto sentimita 1.5. Kwa mita 180 hiyo ni zaidi ya sentimita 8 chini ya pale ulipotaka, ukijumlisha na kuvuta kwangu kidogo kwa kidole, nyasi ndizo zilizopata. Mtutu unatetemeka kama uzi wa zeze kila unapopiga. Ukitundika gramu 340 kwenye ncha yake, mtetemo unabadilika na risasi inatoka mtutu ukiwa umeelekea kwingine. Mtutu mwembamba unahama zaidi. Ule mnene wa Creedmoor ulihama sentimita 1 tu, tena chini moja kwa moja.

Habari njema ni kwamba mara nyingi kuhama huko hakubadiliki. Nilifanya hivi: piga tano na sailensa, ivue, piga tano bila, ifunge tena, piga tano. Nikarudia siku tatu tofauti. Kila nikiifunga kwa mkazo uleule, kundi linarudi palepale. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini. Sasa nimerekebisha shabaha nayo ikiwa imefungwa, na haitoki isipokuwa kwa kukausha na kusafisha. Ukiona yako inahama kila siku sehemu tofauti, acha kupiga, kuna kitu hakijakaa sawa kwenye nyuzi.

Wa masafa marefu mjue na hili: mwendo wa risasi nao unapanda kidogo. Kipima mwendo kilinionyesha ongezeko la mita 5 kwa sekunde kwenye Creedmoor. Kwa mita 100 huoni kitu. Kwa mita 800 ni karibu upana wa kiganja juu ya ulipokusudia. Pima upya, uingize namba mpya kwenye jedwali lako la kushuka kwa risasi.

Kosa la pili ni la kutu. Nilirudi usiku nimechoka, nikaisimamisha bunduki kwenye kabati, mdomo juu, sailensa ikiwa juu yake. Nikaiacha siku nne. Gesi ya baruti ina mvuke wa maji ndani yake, na sailensa ikipoa mvuke huo unageuka matone, yanachanganyika na masizi, yanateremka taratibu ndani ya mtutu. Nilipovua nikakuta maji meusi kwenye bega la nyuzi (ukingo wa mtutu ambapo sailensa hukalia), na sentimita mbili za mwisho za mtutu zina pete ya kahawia. Kitambaa kilitoka na rangi ya kutu. Mtutu umepona, lakini ile alama naiona hadi leo nikimulika tochi. Sasa nikifika tu, kabla hata sijavua viatu, naivua, naiweka ikae wima sehemu kavu yenye hewa, napitisha kitambaa chenye mafuta kwenye mtutu. Dakika tano.

---

#10 FundiChuma

Mimi ni fundi, nachonga nyuzi za midomo ya mitutu. Mkuu umegusa penyewe uliposema "hakijakaa sawa kwenye nyuzi". Nataka niliseme hili taratibu, hasa kwa yule kijana mwenye 6.5.

Tundu la ndani ya sailensa ni kubwa kuliko risasi kwa kiasi kidogo sana, milimita moja na kitu kwa jumla. Maana yake kila upande una nafasi ya kama nusu milimita au zaidi kidogo. Sasa sailensa yenye urefu wa sentimita 20 ikikaa upande kwa sehemu tatu tu za kumi za digrii moja, ncha yake imehama milimita 1. Jicho halioni hiyo. Risasi inaona. Inagonga kisahani cha mwisho au kifuniko cha mbele, na kinachofuata ni vipande vya chuma kuruka mbele na risasi kwenda isikojulikana.

Nililetewa sailensa moja ya namna hiyo. Mbele yake ilikuwa na mfereji uliochimbwa nusu duara, safi, unang'aa kama kipande cha sabuni kilichochotwa kwa kijiko. Mwenyewe aliniambia hakusikia tofauti, aliona tu risasi zinatawanyika. Nikapima mtutu: bega la nyuzi halikuwa limechongwa mraba kwa mtutu wenyewe. Aliyechonga alifuata umbo la nje la mtutu badala ya tundu la ndani, na hivi viwili si lazima viwe kitovu kimoja.

Kwa hiyo:

Kabla ya risasi ya kwanza, bunduki ikiwa haina risasi na bolti (komeo la nyuma) imetolewa, pitisha ufito wa kupimia ulionyooka wa kaliba yako (unene wa risasi yako) kutoka chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, hadi utokeze mbele ya sailensa. Tazama ncha: iko katikati ya tundu? Ukiona imeegemea upande, hata kidogo, usipige. Lete kwa fundi.

Hakikisha nyuzi ni zilezile. Ziko za inchi na ziko za milimita, na zinakaribiana hadi zinadanganya mkono. Nyuzi za 5/8-24 zina kipenyo cha milimita 15.875, na M16x1 ni milimita 16. Unaweza kuhisi imeingia, inazunguka mizunguko miwili mitatu, kumbe inacheza. Ikicheza, haifai.

Usiweke zile pete (washa) za kubonyea zinazotumika nyuma ya breki. Zinabonyea upande mmoja zaidi ya mwingine na zinapindisha sailensa. Bega kwa bega, chuma kwa chuma, safi bila masizi.

Na kaliba: sailensa ya .30, yaani ya risasi nene zaidi kama .308, unaweza kuivalisha bunduki ya 6.5 kama mtengenezaji ameruhusu nguvu hiyo, mlio utakuwa juu kidogo tu. Kinyume chake usithubutu hata kwa bahati mbaya. Kama una bunduki mbili na sailensa mbili, zitie alama ya rangi.

---

#11 Mwanafunzi_wa_Pori

Fundi, umenitisha na umenisaidia kwa pamoja. Sikuwa najua habari ya ufito. Je, sailensa hulegea yenyewe?

---

#12 FundiChuma

Hulegea, ndiyo. Joto na mtikisiko. Zile za kufunga moja kwa moja kwenye nyuzi hulegea zaidi. Zile zenye kiti cha umbo la koni hushika vizuri zaidi. Jizoeze: kila baada ya risasi chache, bunduki ikiwa salama na bolti wazi, vaa glavu, jaribu kuizungusha kwa kuikaza. Ikisogea hata kidogo, ilikuwa imelegea. Mtu akizoea hilo mkono unakwenda wenyewe.

---

#13 Mzee_wa_Swala

Nimewasoma wote. Nina swali kwa Mtutu_Mrefu. Wanasema mnyama hakimbii. Hilo nalitilia shaka.

---

#14 Mtutu_Mrefu

Shaka yako ni ya haki mzee. Mnyama anasikia. Tofauti ni kwamba hajui sauti imetoka wapi. Bunduki isiyo na sailensa inamwelekeza moja kwa moja ulipo: mlio mkubwa wa mdomoni. Ukiupunguza huo, kinachobaki kikubwa ni ule wa risasi kupasua hewa, nao unamfikia kutoka upande ambapo risasi imempitia karibu, si kutoka ulipolala. Nimeona nguruwe-pori wanne wakisimama, masikio juu, wakitazama kichaka kilicho upande wa kulia kabisa na mimi. Mara nyingine wameondoka mbio papo hapo kama kawaida. Siwezi kuahidi.

Ninachoweza kukueleza kwa hakika ni kitu kingine, na ndicho kilichonifanya nisirudi nyuma. Bunduki isiyo na sailensa inakuziba masikio na kukupeleka macho angani. Hujui umempata au la, unaanza kubahatisha. Kwa sailensa nabaki nikimwona kwenye darubini, na nasikia risasi inapofika. Kwa mita 250 ni kama sekunde moja baada ya kufyatua: kwanza "ta!" ya hewa, kimya kifupi, halafu unarudi mlio mzito, "pu", kama mtu amepiga gunia la mahindi kwa kiganja. Ukiusikia huo unajua. Na ukisikia mlio mkavu wa jiwe, unajua pia, na unajua usikimbilie risasi ya pili bila kufikiri. Kumfuata mnyama aliyejeruhiwa kunaanza na kujua kwa hakika kilichotokea katika sekunde ile.

Na mzee, kuna aliye pembeni yako. Anayekusindikiza, mwenye kubeba darubini, mbwa kama unatumia mbwa. Mbwa hawavai vizibo.

---

#15 Mzee_wa_Swala

Hilo la mbwa limenigusa. Nilikuwa naye mmoja, alipofika miaka saba nikimwita kwa nyuma hageuki. Nilidhani ni ukaidi.

---

#16 Bi_Shabaha

Pole sana mzee.

Kwa wanaoanza niongeze neno kuhusu masikio: sailensa isikufanye uache vizibo ukiwa uwanjani. Siku ya mazoezi unapiga 60 au 80, na kila mmoja wa desibeli 130 na kitu unajumlisha juu ya mwingine. Tena unaweza kuwa umelala katikati ya watu wawili wenye bunduki zisizo na sailensa. Sailensa yako haiwazuii wao. Risasi ya kwanza nayo huwa na mlio mkubwa kuliko zinazofuata, kwa sababu ndani ya sailensa iliyopoa kuna hewa yenye oksijeni inayochochea gesi kuwaka. Kuwinda ndiko watu huvua vizibo kwa sababu wanataka kusikia pori. Hapo kuna vifunika masikio vya umeme vinavyopitisha sauti ndogo na kufunga kubwa. Mimi navaa hivyo pamoja na sailensa, na majani yakikatika nyuma yangu nasikia.

---

#17 FundiChuma

Nakazia. Na kuhusu chuma cha kununua, kwa kifupi: titani ni nyepesi, inamfaa mwindaji anayetembea, ila haipendi kupigishwa mfululizo hadi iwe nyekundu. Chuma cha pua ni kizito na kinavumilia. Alumini iachiwe bunduki ndogo za .22. Na mitutu mifupi ina gesi kali zaidi mdomoni, kwa hiyo soma mtengenezaji ameandika urefu gani wa chini kabisa kwa kaliba yako. Wengi hawasomi hiyo karatasi.

---

#18 Mwanafunzi_wa_Pori

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilipitisha ufito kama fundi alivyosema. Ncha ilikuwa imeegemea chini upande wa kushoto, karibu inagusa ukingo. Nyuzi zangu ni za kiwandani na nilikuwa nimeziamini kabisa. Nilimpelekea fundi bunduki wa karibu, akakuta bega lina kipele kidogo cha chuma kilichobaki wakati wa kuchonga, kidogo kuliko chembe ya mchanga. Akakisafisha, akapima bega upya, ufito sasa uko katikati.

Jana nilipiga tano na sailensa, tano bila, tano tena nayo, kwa mita 100. Na sailensa nimeshuka sentimita 2 na kulia nusu sentimita. Nilipoifunga mara ya pili kundi likarudi palepale, nimeliwekea sarafu juu ya karatasi na matundu yote matano yamefunikwa. Leo narekebisha shabaha, halafu nitaanza kupima mwendo.

---

#19 FundiChuma

Safi sana. Pitisha tena ufito kila unapoifunga upya, hata kama jana ulikuwa katikati.

---

#20 Mzee_wa_Swala

Mtutu_Mrefu, hiyo aina inayovaa mtutu kama soksi, inahitaji mtutu wa unene gani? Wangu ni mwembamba na sitaki kuukata.

---

#21 Mtutu_Mrefu

Mwembamba ndio inaoupenda mzee wangu. Pima kipenyo cha mtutu mdomoni, halafu upime tena kama sentimita 15 nyuma ya mdomo, uniletee namba zote mbili. Angalia pia kama kuna kionea cha mbele, maana lazima kitoke. Fundi atakwambia kama kuna nyama ya kutosha ya kuchonga nyuzi.